Video Inapoganda: Kutafuta Chanzo cha Tatizo Kwenye Kompyuta ya Linux

Tuseme ni mwishoni mwa Oktoba, wiki chache kabla ya mtihani wa taifa wa kidato cha nne. Katika shule moja ya sekondari mjini Newala, mwalimu wa kemia amepata video ya dakika 45 inayoonyesha hatua zote za titresheni. Imeletwa kutoka Masasi kwenye flashi, kwa sababu kuipakua kwa bando la simu kungekula fedha ambayo shule haina. Kompyuta za shule zinatumia Ubuntu. Video inafunguliwa kwa VLC, projekta inawashwa, na inapofika dakika ya 12 picha inaganda. Sauti inaendelea. Kisha skrini inajaa vipande vya mraba vya kijani, bureti haionekani tena, na darasa zima linaguna.

Wakati kama huo kila mtu ni fundi. Mmoja anasema ni virusi, flashi ifomatiwe. Mwingine anasema kompyuta imechoka, iletwe nyingine. Wa tatu anasema Linux haiwezi video. Ushauri wa kwanza ukifuatwa, nakala pekee ya somo imekwenda. Tena, hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyepima kitu kabla ya kusema. Mada hii inakufundisha kupima. Katika mtihani itakusaidia kwenye maswali ya utatuzi wa matatizo ya kompyuta. Nje ya mtihani itakuzuia kufuta faili ambalo halikuwa na kosa.

Kazi inayofanyika ndani

Huwezi kutafuta kosa katika kazi usiyoijua, kwa hiyo tuanze na kazi yenyewe. Video ni picha nyingi tuli zinazoonyeshwa haraka, mara nyingi 25 au 30 kwa sekunde. Kila picha moja inaitwa fremu. Kila fremu ni jedwali la nukta ndogo za rangi ziitwazo pikseli.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Fremu yenye upana wa pikseli 1280 na urefu wa pikseli 720 ina pikseli 921,600. Kila pikseli ikihitaji baiti 3 kwa ajili ya rangi, fremu moja ni baiti 2,764,800. Zidisha kwa fremu 25 upate baiti 69,120,000 kwa sekunde, yaani karibu MB 69. Kwa somo la dakika 45, ambazo ni sekunde 2700, utahitaji MB 186,624, yaani karibu GB 187. Flashi nyingi za kawaida haziwezi kubeba mzigo huo. Lakini faili la mwalimu lina ukubwa wa MB 675 tu. Limebanwa zaidi ya mara 270.

Kubana huko ndiko kunakofanya video iweze kusafiri mfukoni. Ndiko pia kunakoleta karibu matatizo yote tutakayoyaona, kwa sababu kilichobanwa lazima kifumuliwe wakati wa kuonyeshwa. Kompyuta inasoma faili kutoka kwenye diski au flashi, inatenganisha sauti na picha, inafumua kila kimoja, inavipanga viende kwa saa moja, kisha inavipeleka kwenye skrini na spika. Hatua moja ikichelewa au ikipokea data mbovu, wewe unaona picha imeganda.

Kanuni ya kubana na kufumua inaitwa kodeki. H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ndiyo utakayoikuta mara nyingi zaidi. H.265 ilikuja mwaka 2013. Inatoa faili dogo zaidi kwa ubora uleule, lakini kazi ya kuifumua ni kubwa zaidi.

Usichanganye kodeki na kasha. Kasha ni faili linalobeba picha, sauti na maandishi kwa pamoja, na ndilo linaloonekana kwenye mwisho wa jina: mp4, mkv, avi, 3gp. Mafaili mawili yanayoishia na mp4 yanaweza kuwa na kodeki tofauti kabisa ndani yake. Mtahiniwa anayeandika kwamba "mp4 ni kodeki" amekosa. Hii pia ndiyo sababu kubadilisha jina la faili kutoka mkv kuwa mp4 hakutengenezi kitu. Ukibandika lebo ya sukari kwenye gunia la korosho, ndani zitabaki korosho.

Vile vipande vya kijani

Kodeki haihifadhi kila fremu nzima. Inahifadhi fremu moja kamili, na baada yake inaandika tu mabadiliko: mkono umesogea hapa, rangi ya kimiminika imebadilika pale, ukuta wa nyuma ni uleule. Kisha baada ya muda inaweka fremu nyingine kamili. Programu moja maarufu ya kubana H.264, iitwayo x264, isipopewa maagizo mengine huweza kukaa hadi fremu 250 kabla ya kuweka fremu kamili nyingine. Kwa fremu 25 kwa sekunde, hizo ni sekunde 10.

Sasa fikiria fremu kamili imeharibika. Mabadiliko yote yanayoifuata yanaandikwa juu ya picha mbovu, na uchafu unasambaa. Ndiyo maana utaona picha imevurugika kwa sekunde kadhaa, kisha ghafla inasafika kana kwamba hakuna kilichotokea: programu imefika kwenye fremu kamili inayofuata. Ukiona dalili hiyo, shuku data kabla hujashuku mashine. Mashine iliyozidiwa na kazi kwa kawaida inaruka fremu, picha inakwenda kwa kushtukashtuka, lakini haipaki rangi ya kijani. Kuna tofauti chache za kanuni hiyo, na mojawapo tutaifikia kwenye sehemu ya programu.

Maswali matatu kabla ya kugusa kitu

Usifute, usifomati, usisakinishe chochote kwanza. Jiulize maswali haya.

La kwanza: je, video inaganda palepale kila mara? Irudishe nyuma, iache ipite tena dakika ya 12. Ikiganda kwenye sekunde ileile mara tatu, tatizo liko kwenye faili au kwenye sehemu ya flashi inayobeba kipande hicho. Ikiganda leo dakika ya 12, mara nyingine dakika ya 5, tatizo liko nje ya faili.

La pili: je, faili lingine linacheza vizuri kwenye kompyuta hiyohiyo na programu hiyohiyo? Chagua faili la aina inayofanana. Kulinganisha video ndogo ya 3gp ya simu ya zamani na video ya H.265 yenye pikseli 1920 kwa 1080 hakukuambii chochote.

La tatu: je, faili hilohilo linacheza vizuri kwenye kompyuta nyingine, au kwa programu nyingine kwenye kompyuta hiyohiyo?

Siri ya maswali haya ni kwamba kila moja linabadilisha kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote kama vilivyokuwa. Umejifunza jambo hili kwenye majaribio ya fizikia na baiolojia: ukibadilisha mwanga na maji kwa wakati mmoja, hutajua ni kipi kilichoukuza mmea. Anayebadilisha flashi, programu na kompyuta kwa pamoja, halafu video ikacheza, amepata bahati, jibu hana. Kesho tatizo likirudi ataanza upya.

VLC yenyewe ina shahidi mzuri ambaye wengi hawamfahamu. Video ikiwa inacheza, bonyeza Ctrl na J. Dirisha litakalofunguka linaonyesha jina la kodeki, ukubwa wa picha na idadi ya fremu kwa sekunde. Kwenye ukurasa wake wa takwimu kuna hesabu ya fremu zilizopotea na hesabu ya data iliyotupwa kwa kuwa imeharibika. Zikipanda fremu zilizopotea huku data iliyoharibika ikibaki sifuri, mashine haiwahi. Ikipanda data iliyoharibika, faili ni bovu. Kwa dakika moja umeshagawa tatizo katika nusu mbili.

Faili linapokuwa ndilo lenye kosa

Katika mazingira ya kunakili kutoka flashi hadi flashi, hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Linux ina tabia moja ambayo inafaa uielewe vizuri. Unaponakili faili kwenda kwenye flashi, mfumo unapokea data haraka kwenye RAM, kisha unaiandika kwenye flashi taratibu, kwa kasi ambayo flashi inaiweza. Mstari wa kuonyesha maendeleo unaweza kufika mwisho na kutoweka wakati sehemu ya faili bado iko kwenye RAM. Mtu akichomoa flashi hapo kwa sababu basi la Newala linaondoka, kipande kilichokuwa hakijaandikwa kinapotea. Umeme ukikatika katikati ya kazi, matokeo ni hayohayo. Jina la faili lipo, na mara nyingine hata ukubwa wake unaonekana sawa, lakini ndani kuna pengo.

Kinga yake ni kuiondoa flashi kwa kubofya alama ya kuitoa na kusubiri ujumbe wa ruhusa, au kuandika amri hii kwenye terminali:

sync

Amri hii inalazimisha data yote iliyo kwenye RAM iandikwe. Itakaporudisha alama ya kuandikia amri, kazi imekwisha, na sasa unaweza kuitoa flashi kwa utaratibu.

Ili kujua kama nakala ni sawa na asili, tumia amri ya kulinganisha. Mafaili yote mawili yakiwa kwenye kompyuta moja, andika:

cmp asili.mp4 nakala.mp4

Amri isiposema lolote, mafaili yanafanana baiti kwa baiti. Yakitofautiana, itakutajia mahali tofauti ya kwanza ilipo. Kama asili iko Masasi na nakala iko Newala, kila upande uandike:

sha256sum somo.mp4

Majibu ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Someaneni kwa simu herufi kumi za mwanzo na kumi za mwisho. Zikitofautiana hata moja, mafaili si mamoja. Simu ya nusu dakika inaokoa safari ya kushuka Masasi na kupanda tena kwa ajili ya faili lililo salama.

Mafaili yaliyokatika hayana tabia moja. Faili la mp4 lina orodha inayoiambia programu kila fremu iko wapi, na katika video nyingi zilizorekodiwa kwa simu orodha hiyo iko mwishoni. Faili hilo likikatika, mara nyingi halifunguki kabisa. La mkv lililokatika kwa kawaida hucheza hadi pale lilipokatikia. La avi lisilo na orodha yake, VLC itakuuliza kama unataka ilitengeneze, kubali. Kwa mkv lenye mpangilio uliovurugika, programu ya ffmpeg inaweza kulipanga upya katika kasha jipya bila kugusa ubora wa picha:

ffmpeg -i somo.mkv -c copy somo-jipya.mkv

Amri hiyo haiwezi kurudisha fremu ambazo hazimo. Kipande kilichopotea kinarudi kwa kunakili upya kutoka kwenye asili, basi.

Kuna mpaka mwingine unaopenda kuulizwa. Flashi nyingi hufomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao hauruhusu faili moja kufika GB 4. Ukijaribu kunakili video ya GB 5, kazi itakataa au itaishia njiani, hata kama flashi ina nafasi ya GB 30. Huo si ubovu wa flashi.

Kama unashuku flashi yenyewe, nakili faili kwanza kwenda kwenye diski ya kompyuta. Kunakili kukikwama mahali fulani, andika:

sudo dmesg | tail

Ukiona mistari inayotaja I/O error, flashi imeshindwa kusomwa mahali hapo. Okoa mafaili mengine yote kabla hujajaribu lingine lolote. Kufomati huja mwisho kabisa, baada ya nakala kuwa salama mahali pengine.

Sauti ipo, picha hakuna

Ubuntu huja na kicheza video chake, na hakiletewi kodeki zote tangu mwanzo, kwa kuwa baadhi zinafungwa na masharti ya hataza katika nchi kadhaa. Ndiyo maana faili linaweza kukataa kwenye kicheza video hicho na likacheza bila shida kwenye VLC, ambayo hubeba kodeki nyingi ndani yake. Dawa ni kusakinisha kodeki zinazokosekana, mara moja tu, kompyuta ikiwa na intaneti:

sudo apt install vlc ubuntu-restricted-extras

VLC ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris huko Ufaransa, waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa chuo chao. Mwaka 2001 ilitolewa kwa leseni huria ya GPL, kwa hiyo shule inaweza kuinakili kwenye kompyuta zote bila kununua leseni. Ilianza mikononi mwa wanafunzi, na watahiniwa wanaopenda programu wakumbuke hilo.

Mashine inapozidiwa

Kama takwimu za VLC zinaonyesha fremu zinapotea na faili ni zima, geukia mashine. Fungua terminali, video ikiwa inacheza, uandike:

top

Utaona orodha ya programu na kiasi cha prosesa ambacho kila moja inatumia. Wengi hukosea kusoma namba hizi. Kwenye top, asilimia 100 ni kiini kimoja cha prosesa. Kompyuta yenye viini vinne inaweza kuonyesha hadi asilimia 400. VLC ikionyesha asilimia 60 kwenye mashine ya viini vinne, haijazidiwa. Ikionyesha asilimia 195 kwenye mashine ya viini viwili, imefika ukingoni. Angalia pia kama kuna mwingine anayekula: kivinjari chenye kurasa ishirini, au mfumo unaojisasisha chinichini.

Swali linalosumbua wengi ni hili: kwa nini video inacheza vizuri kwenye simu ndogo, lakini inaganda kwenye kompyuta kubwa ya mezani? Simu nyingi za kisasa hurekodi kwa H.265, na zina sehemu maalumu ndani ya chipu kwa ajili ya kufumua kodeki hiyo. Prosesa nyingi za Intel zilizotengenezwa kabla ya 2015 hazina sehemu hiyo, hivyo kazi yote inaangukia prosesa ya kawaida. Kompyuta nyingi zinazofika shuleni zikiwa zimeshatumika ni za kizazi hicho. Mashine si mbovu. Imepewa kazi ambayo haikutengenezewa. Badilisha video iwe H.264 na uipunguze kimo hadi pikseli 480:

ffmpeg -i somo.mp4 -c:v libx264 -vf scale=-2:480 -c:a copy somo480.mp4

Kwenye kompyuta ya zamani kazi hii inaweza kuchukua muda mrefu kuliko video yenyewe. Iache usiku, kama umeme unaaminika. Hifadhi faili la asili, usilifute.

Halafu kuna joto. Dalili yake ni ya pekee: video inaanza vizuri, baada ya dakika kumi na tano au ishirini inaanza kushtukashtuka, na hata ukiirudisha mwanzo bado inashtuka. Ukiizima kompyuta ikapoa, inacheza tena vizuri kwa muda. Hapa haigandi mahali pamoja kwenye faili. Inaganda baada ya muda uleule wa kufanya kazi. Prosesa ikipata joto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Anayeishi juu ya uwanda wa Makonde anajua vumbi la miezi ya kiangazi, lile linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa. Ndani ya kompyuta linajaza feni na mapezi ya kupoozea. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, shika feni isizunguke, na usafishe kwa brashi laini iliyo kavu. Usitumie kitambaa chenye maji. Kipimo cha joto unakipata kwa amri ya sensors, baada ya kusakinisha lm-sensors.

Kompyuta mpakato nazo zina jambo lao. Umeme ukikatika zikaanza kutumia betri, zinaweza kuhamia kwenye hali ya kubana matumizi na kupunguza kasi. Video iliyocheza vizuri asubuhi inaganda mchana, na hakuna kilichoharibika.

Programu na mipangilio yake

Faili zima, mashine ina nguvu, bado picha ni chafu? Sasa shuku mawasiliano kati ya VLC na kadi ya picha. VLC hujaribu kuikabidhi kadi ya picha kazi ya kufumua. Draiva ya kadi ikiwa na kasoro, unaweza kuona kijani, weusi mtupu au mistari, hata kwa faili lisilo na kosa. Hii ndiyo tofauti niliyoigusa juu: vipande vya kijani katika kila video, tangu sekunde ya kwanza, havitokani na faili. Jaribu kuizuia VLC isitumie kadi:

vlc --avcodec-hw=none somo.mp4

Picha ikisafika, umempata mkosaji. Unaweza kuweka mpangilio huo moja kwa moja kwa kubonyeza Ctrl na P, kwenye sehemu ya kodeki. Picha isiposafika, jaribu njia nyingine ya kuonyesha:

vlc --vout=xcb_x11 somo.mp4

Angalia kwamba amri zote mbili hazibadilishi mpangilio wa kudumu. Ukifunga VLC na kuifungua kwa njia ya kawaida, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Jaribio lisiloacha alama ndilo la kuanza nalo.

Mpangilio mwingine ni akiba ya kusomea. Watu wa Newala hawahitaji maelezo marefu kuhusu akiba: nyumba yenye tangi la maji ya mvua haisumbuki bomba likikauka siku mbili. VLC nayo husoma data mbele kidogo na kuiweka, ili flashi ikisita, picha isisite. Akiba yake ya kawaida kwa faili ni milisekunde 300, na kwa mtandao ni milisekunde 1000. Kama video iko kwenye flashi nzito au kompyuta ya jirani, ongeza:

vlc --file-caching=3000 somo.mp4

Hizo ni sekunde tatu za akiba. Lakini tangi halizalishi maji. Kama chanzo ni cha polepole kuliko matumizi, akiba kubwa itachelewesha kuganda, haitakuzuia.

Sauti ikitangulia au ikichelewa nyuma ya midomo, na tofauti hiyo haibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, bonyeza J au K kurekebisha sauti kidogokidogo. Kwa maandishi ya chini tumia G na H. Tofauti ikizidi kukua kadiri video inavyokwenda, rudi kwenye top: huenda mashine haiwahi.

Maswali ya mazoezi

Swali la 1. Video ya somo inaganda kwenye dakika 12 na sekunde 40 kila mara katika kompyuta tatu tofauti, lakini video nyingine zote zinacheza vizuri. Taja chanzo kinachowezekana zaidi, na hatua mbili za kuchukua.

Jibu. Chanzo ni faili lililoharibika au sehemu mbovu ya flashi, kwa kuwa mahali pa kuganda hapabadiliki ijapokuwa kompyuta zimebadilika. Hatua ya kwanza ni kulinganisha nakala na asili kwa cmp au sha256sum. Hatua ya pili ni kunakili upya kutoka kwenye asili na kuitoa flashi kwa utaratibu. Mtahiniwa anayeandika "kufomati flashi" kama hatua ya kwanza asitarajie alama, kwa kuwa atakuwa ameharibu ushahidi pamoja na data.

Swali la 2. Faili la video lina MB 675 na urefu wa dakika 45. Flashi inasomeka kwa MB 10 kwa sekunde. Je, kasi ya flashi inaweza kuwa sababu ya video kuganda?

Jibu. MB 675 mara 8 ni megabiti 5400. Gawanya kwa sekunde 2700 upate megabiti 2 kwa sekunde, ndicho kiwango ambacho video inahitaji. Flashi inatoa 10 mara 8, yaani megabiti 80 kwa sekunde, mara 40 ya mahitaji. Kasi ya flashi si sababu. Kumbuka kubadilisha baiti kuwa biti kabla ya kulinganisha. Asiyefanya hivyo atakosea mara nane.

Swali la 3. Kompyuta ya mwalimu imeunganishwa kwenye swichi kwa kiungo cha megabiti 100 kwa sekunde, na wanafunzi 20 wanaangalia video kutoka humo kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Video ya kwanza inahitaji megabiti 2 kwa sekunde na inacheza vizuri. Ya pili inahitaji megabiti 8, na inaganda kwenye kompyuta zote. Eleza.

Jibu. Video ya kwanza inahitaji 20 mara 2, yaani megabiti 40 kwa sekunde, na kiungo kinatosha. Ya pili inahitaji megabiti 160, na kiungo kinabeba 100 tu. Kuganda kwa kompyuta zote kwa pamoja kunaelekeza kwenye kitu zinachokitumia kwa pamoja, ambacho ni kiungo cha kompyuta ya mwalimu, si prosesa ya kompyuta moja moja. Kwa hesabu, 100 gawanya kwa 8 ni 12.5, hivyo kompyuta zisizozidi 12 zingeweza kuitazama, na kwa kweli ni pungufu ya hapo, kwa kuwa mtandao hautoi kasi yake yote. Suluhisho ni kuipunguza video kwa ffmpeg, kuinakili kwenye kila kompyuta kabla ya kipindi, au kuionyesha kwa projekta moja.